Gamba la Samaki Juani

Shule niliiacha mapema, na mashua nilizo nazo leo sikupewa na mtu. Lakini kama kuna kitu ningependa kurudishiwa, si ujana. Ni kile kioo cha kukuza vitu, katika nyumba ya kuchunguza samaki pale Lubunga, kando ya mto, miaka ya hamsini.

Mwenye kazi alikuwa daktari Mzungu, daktari wa samaki, si wa watu. Feza zilitoka ng'ambo. Nchi tatu zilimchangia. Mimi nilimvusha mto kwa mtumbwi na kuosha vyombo vyake. Siku moja aliniita niangalie gamba chini ya kioo. Nikaona pete ndani ya pete, kama mti uliokatwa. Akasema humo mna umri wa samaki, na kazi ikiendelea atanifundisha kuzisoma. Nikasahau njaa.

Watu wa ng'ambo walitaka kujua kama samaki wanazaa kwetu kwenye maporomoko. Donc, basi, walihitajika samaki wachanga. Lakini pale kila jamaa ina mahali pake pa kusimika miti na kutega vikapu. Mgeni hatii mkono. Ilibidi kuwaomba wavuvi, akiwemo tonton, kaka wa mama yangu. Wakaleta wakubwa tu.

"Tonton, daktari anataka vidogo," nikamwambia.

"Mugeni atoke kwao mbali vile, nimupe kasamaki ka paka? Watu ya Isangi, kule chini ya mto, watatucheka."

"Ni vya kazi, si vya kula."

"Kazi gani ya samaki haina kula? Weye umekaa sana na ule Muzungu."

Daktari akaenda mwenyewe, akaomba kwa adabu. Wakamhurumia: mtu wa haya huyu, anaomba kidogo ili asisumbue watu. Kesho yake wakaleta wakubwa zaidi.

Kisha wenye feza wakaja kuangalia kazi. Nilimsihi tonton tena. "Bon, nimesikia," akasema. Asubuhi akatokea na ndugu zake, wamebeba samaki mmoja kwenye mti, mkia unafagia chini. Wageni wakapiga makofi. Halafu wakauliza: na watoto wake wako wapi?

"Vile vidogo tulirudisha mu maji," tonton akajibu kwa fahari. "Hatuwezi kuwapa wageni vitu ya aibu."

Niliwatafsiria. Wakacheka, wakala vizuri, wakaondoka. Walikuwa wamekuja kuona, si kusikia. Feza hazikuja tena. Daktari akafunga kioo sandukuni, akakizungushia nyasi kavu, akanipa mkono. Sikuwa nimejifunza kusoma hata pete moja.

Simlaumu tonton. Aliwapa kilicho bora, na mimi mgeni wangu simpi kidogo.

Lakini mpaka leo, mke wangu akiparua samaki, ananitengea gamba moja. "Papa, unatafuta nini mule?" ananicheka. Ninalielekeza juani, ninafunga jicho moja. Linang'aa tu. Pete zimo. Ninajua zimo.