Jeshi la Pili

Hii stori itanionyesha mjinga, lakini wacha tu. Juzi huko Westlands nilipata watu wazima wakipaka rangi wanajeshi wadogo wa plastiki. Ile harufu ya rangi ikanirudisha Waithaka, nikiwa mtoto.

Mathe, mamangu, alikuwa kazini, niko peke yangu kwa nyumba. Niliwakata wanajeshi wangu vichwa nikawabadilishia. Mmoja kichwa kiliangalia nyuma, nikamfanya mlinzi. Nikawapaka rangi ya kucha ya mathe, chupa yote. Nikawagawa majeshi mawili, langu na la mwenzangu wa kucheza, ambaye sikuwa naye. Hilo la pili ndilo nililipendezesha zaidi, nikidhani likiwa safi, mtoto fulani atakuja kulichezea. Nikamwekea stuli, nikangoja mpaka rangi ikakauka.

Mathe aliingia akinusa. "Wewe! Rangi yangu!"

Nikajikunja nikingoja kofi. Akaangalia ile stuli tupu, akavua viatu, akakaa.

"Haya, nani anaanza?"