Mtandio wa Mama Chiriku

Pale shuleni watoto walimwita Bibi Mlango, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Shule ilikuwa ya kulipia, ya ukuta mrefu na geti la bluu, na kila mzazi aliyetaka kumwingiza mwanawe chekechea ilibidi apitie kwanza chumba kidogo kilicho jirani na ofisi. Ndani alikaa mwalimu wa usaili na meza yake fupi, matofali ya mbao na picha za wanyama. Kazi ya mwalimu ilikuwa kumtazama mtoto: anashikaje kalamu, anazijua rangi, anaweza kuomba kwenda chooni. Kazi ya Bibi Mlango ilitangulia hiyo. Yeye alisimama mlangoni na kumtoa mtoto mkononi mwa mama yake.

Anayedhani ni kazi nyepesi na aijaribu. Kuna mtoto aliyeng'ang'ania shingo ya baba yake mpaka kifungo cha shati kikaruka kikapotelea chini ya kabati. Kuna mama aliyelia kuliko mwanawe, ikabidi mtoto ndiye ambembeleze. Na kuna baba aliyejificha nje ya dirisha akinong'ona majibu. Mwalimu alipouliza, "Kiti hiki ni cha rangi gani?" mtoto akageukia dirishani: "Baba, sema kwa sauti, sisikii!"

Bibi Mlango alianza hapo akiwa mfagiaji. Siku moja mtoto aliyewashinda walimu wote alinyamaza mgongoni kwake, na mkuu wa shule akamwambia, "Mama, weka fagio chini." Hakulishika tena. Alikuwa mjane, watoto wake wameshakuwa na miji yao, na kila asubuhi aliweka mkono kwenye kitasa akasali kimoyomoyo: Mungu wangu, wape moyo wa kuachana.

Alikuwa na njia yake. Mtoto akianza kulia, alimwambia mama, "Mwanangu, niachie mtandio wako." Akautia mikononi mwa mtoto. "Umeona? Mama hawezi kwenda mbali bila mtandio wake. Aliyeacha kitu lazima arudi kukichukua. Wewe ushike tu vizuri."

Mtoto akaushika, akaunusa, akanyamaza. Kina baba waliacha kofia. Mmoja aliacha funguo za gari, akabaki amesimama juani kando ya gari lake mpaka usaili ukaisha, mlinzi akimcheka.

Hata shule zilipofunguliwa, wiki za mwanzo zilikuwa ni za mitandio. Kisha Bibi Mlango aliwaachisha, kama anavyoachishwa mtoto ziwa. Alimwambia mtoto, "Sasa umekua, mwache mama aende na mtandio wake." Mtoto akiurudisha mwenyewe, darasa zima linampigia makofi.

Mwaka ule alikuja msichana mdogo, mwembamba, mdomo haupumziki. Siku hiyo hiyo ya usaili wakambandika jina la Chiriku. Mwalimu alimwonyesha picha, akamuuliza mnyama gani huyu.

"Ng'ombe. Lakini amechoka. Na mama yangu amechoka, tumboni ana mtoto, usiku anamtupia mateke."

Mama yake, aliyekuwa bado mlangoni, alijifunika uso kwa aibu. "Huyu hana siri jamani! Mama, mmpokee tu, mimi nipumzishe masikio."

Alikuwa fundi cherehani. Mtandio wake ulikuwa wa kijani, ukingo ameushona mwenyewe kwa uzi wa njano. Wakazoeana na Bibi Mlango, wanakaa kidogo kwenye ngazi kila asubuhi, wanacheka. Chiriku alichelewa kuachana na ule mtandio. Wenzake waliurudisha mmoja mmoja, yeye anaufunga kiunoni, anacheza nao, anaulalia.

Asubuhi moja mama alifika amevaa ndala, miguu imevimba. Alikuwa anaelekea kliniki. Bibi Mlango alimwonea huruma, akamwinamia mtoto.

"Chiriku, wewe sasa ni dada mtu. Dada mtu hashiki mtandio. Mpe mama ajifunike, kuna baridi."

Chiriku alifikiri. Akamtazama mama, akautazama mtandio. Kisha akanyoosha mikono, akamtupia mama yake mabegani.

"Chukua, mama. Mimi nimekua."

Darasa likapiga makofi. Mlinzi naye akapiga huko getini bila kujua kinachopigiwa. Mama aliinama kwa taabu, akambusu. "Haya, dada mtu. Nakuja kukuchukua."

Hakuja. Huko kliniki presha ilimpanda, wakamkimbiza hospitali, wakampasua. Mtoto walimtoa mzima. Mama hakuamka.

Wenzake wote walipokwisha kuondoka, Chiriku alikuwa bado kasimama mlangoni, begi mgongoni, anamsimulia Bibi Mlango jinsi atakavyomfundisha mdogo wake kuimba. Ndipo akaingia bibi yake wa nyumbani, mama yake baba, viatu alivyovaa havifanani. Bibi Mlango alipoviona vile viatu alijua, kabla yule mwenzake hajafungua kinywa.

Baada ya mazishi Chiriku alirudi shuleni, na mdomo wake ukawa umefungwa. Akiulizwa anatikisa kichwa.

"Tangu siku ile hajatoa chozi," bibi yake alisema. "Watu wananiambia afadhali, mtoto hajui kitu. Mimi naogopa, dada yangu. Mtoto asiyelia anakaa na nini moyoni?"

Ule mtandio ulirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Chiriku aliuomba, akawa anaubeba kwenye begi. Wakati mmoja wa mapumziko Bibi Mlango alimkuta kaketi chini kwenye mlango wa chumba kidogo, anaukunja na kuukunjua.

"Bibi."

"Naam, mjukuu wangu."

"Ningekataa kumpa, angerudi."

Bibi Mlango alikalia kiti cha mtoto kilichokuwa karibu, magoti yakamfika kifuani. Alishamzika mume. Alishasimama kwenye makaburi mengi akawatia wengine nguvu. Lakini maneno yale yalimwingia pahali ambapo hapajawahi kuguswa, maana aliyajua yalikotoka. Yalitoka kinywani mwake.

"Nisikilize. Mtandio ni kitambaa tu. Haumrudishi mtu, haumzuii mtu. Yale maneno niliyatunga mimi, ili msilie. Mama aliumwa, Mungu akamchukua. Si wewe."

"Ulisema lazima."

"Nilisema. Nilikosea."

"Mama zao wote walioacha, walirudi."

Ni kweli, walirudi. Miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja ambaye hakurudi, na ndiyo maana na yeye mwenyewe alikuwa karibu kuamini.

"Walirudi kwa sababu walikuwa wazima," alisema. Chiriku aliukunja mtandio, akautia kwenye begi, akaenda zake.

Siku chache baadaye bibi yake alifika bila miwani, anapapasa ukuta. "Ni mjukuu wako huyo! Haniruhusu kutoka getini mpaka nimwachie kitu. Jana kilemba, nimerudi nyumbani kichwa wazi kama kuku kanyonyolewa. Leo miwani. Kesho sijui nimwachie meno!" Alicheka, na cheko likaishia njiani. Wakashikana mikono, wazee wawili.

Siku hizo sala ilimkauka Bibi Mlango kinywani. Alisimama na mkono kwenye kitasa, asijue aombe nini. Kurudi kwa mtu ni kwa Mungu, naye alikuwa amekugawa asubuhi hadi asubuhi kana kwamba ni kwake. Mwishowe alikwenda kwa mkuu wa shule.

"Mitandio sitaki tena."

"Mama, watalia. Siku ya usaili kelele zitafika barabarani, na wazazi wote wapo."

"Waache walie. Nitawapakata."

Mkuu hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa sura ya shule yake. "Haya. Nikiulizwa nitasema ni wewe."

"Sema ni mimi."

Siku ya usaili wa watoto wapya akaja mama mmoja na mvulana wa mashavu manene. Alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani, mtandio anao mkononi tayari. "Nimesikia hapa ndio utaratibu."

Wakati huo huo Chiriku alikuwa anatoka chooni, miwani ya bibi yake mkononi. Akasimama katikati ya ukumbi mwembamba, anatazama. Bibi Mlango alimwona. Akauchukua ule mtandio, akamrudishia yule mama mabegani.

"Vaa, mwanangu. Muage tu. Mwambie unakwenda kwenye kikao cha wazazi."

Mama aliaga, akaondoka. Mvulana alipiga ukelele uliowatoa makarani ofisini. Bibi Mlango alimpakata, akamwacha amlowanishe bega. "Najua," alimwambia. "Najua, baba. Mimi nipo."

Chiriku alisogea. "Hajaacha kitu."

"Hajaacha."

"Basi hatarudi."

"Kaa hapa utazame."

Akaketi sakafuni. Mwalimu wa darasa lake akaja kumchukua, Bibi Mlango akamtupia jicho la kumwomba, mwalimu akaondoka peke yake. Mvulana akaingia kwa mwalimu wa usaili na kwikwi zake. Wakabaki wawili, wanatazama upande mmoja. Na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, Bibi Mlango aliogopa. Yule mama akiteleza kwenye ngazi? Akipigiwa simu akaondoka haraka? Alitamani kusema "atakuja, utaona." Ulimi akauzuia. Aliomba tu, midomo ameifumba.

Mvulana alishatoka, yuko mlangoni ananyonya kidole, ndipo viatu vikasikika. Mama yake akatokea, mtandio mabegani. Mvulana akamkimbilia. Chiriku aliinuka, akamsogelea yule mama, akaugusa upindo wa mtandio wake.

"Hukuacha kitu."

"Sikuacha, mwanangu. Bibi amekataa."

"Na umerudi."

"Nimerudi, si unaniona?"

Chiriku alimgeukia Bibi Mlango. Midomo ilikuwa inamcheza. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mjukuu wangu."

"Hata ningeushika..."

Hakumaliza. Miwani ilimponyoka, na kilio kikatoka, kile kilichokaa ndani tangu siku ya makofi, kikubwa kuliko kifua chenyewe. Alimwita mama yake kwa sauti iliyomfanya mvulana yule asahau kilio chake.

"Jamani, kapatwa na nini?" yule mama aliuliza, amepigwa na butwaa. "Nimemkanyaga?"

"Hapana, mwanangu. Anamlilia mama yake. Ninyi nendeni salama."

Mwalimu wa usaili alichungulia, kidole kipo mdomoni tayari kuwanyamazisha. Alipoona, akarudi ndani, akafunga mlango taratibu. Bibi Mlango aliketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mtoto kifuani. Machozi yake mwenyewe yalikuwa yanamdondokea Chiriku nyweleni. Neno "nyamaza," alilolisema kila siku ya kazi yake, hakulisema.