Tangazo Lililochekesha Mtaa

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, kwa sababu riziki yake ilitoka kwenye kipaza sauti alichokifunga juu ya pikipiki ya magurudumu matatu. Minada, mikutano, mbuzi waliopotea, maji kukatika: alitangaza yote, na ukiacha misiba, hakuna alichotangaza bila utani. Watu walitoka vibarazani kumsikiliza hata kama habari haikuwahusu.

Msimu ule wa joto kali, bibi afya alimwita ofisini. Wodini kulikuwa na wagonjwa waliooza miguu.

"Maji ya karibu na mdomo wa mto yamepata joto, vijidudu vimezaliana," alisema. "Vinaingia kwenye kidonda, hata mchubuko tu. Kwenye chaza pia vimo. Mwenye kidonda asiingie baharini, chaza wasiliwe wabichi, na mguu ukivimba mtu akimbie hospitali siku hiyohiyo. Tafadhali, baba, yaseme kama yalivyo."

"Nikiyasema kama yalivyo, mama, watafunga madirisha."

Akaenda kutangaza kwa mtindo wake. "Mwenye kidonda asitie mguu baharini, jamani. Kuna kijidudu humo kinatafuta mchumba, na kikipenda hakiachi!" Watu wakavunjika mbavu. Kila kona walimtaka arudie ya mchumba, naye akarudia, mpaka yale ya hospitali yakamtoka kichwani.

Mume wa dada yake mkubwa alikuwa mchokoa chaza. Gamba lilikuwa limemchubua kwenye muundi, lakini kesho yake baada ya tangazo aliingia majini kama kawaida. Jioni mguu ukavimba. Dada akamkanda kwa maji ya chumvi. Kulipokucha ulikuwa umepiga weusi, umejaa malengelenge, na Kipaza akampakia kwenye pikipiki yake.

"Mngemleta jana," daktari alisema. Wakaukata chini ya goti.

Shemeji alipozinduka alimkuta Kipaza ameinamia kitanda, akaona amchangamshe. "Usinune, shemeji. Mchumba kaja, kachukua mahari yake." Kipaza alitoka wodini, akasimama kando ya ndoo za kupigia deki, akalia kama mtoto.

Alirudi mwenyewe kwa bibi afya. Safari hii alitangaza neno kwa neno, kila kona, na ya hospitali aliisema mara mbili. "Kipaza, umelamba ndimu?" vijana walimwuliza. Mwenye duka aliongeza sauti ya redio, na kweli wengine walifunga madirisha. Baadaye bibi afya alimwambia kuna waliowahi hospitali na vidonda vyao. Kama ni kwa sababu yake, hakuweza kujua.

Lililomuuma zaidi ni kwamba dada yake hakumlaumu. Siku moja alimkuta uani akichemsha chaza wa kuuza, akajikaza.

"Dada, siku ile nilipotangaza..."

"Wewe ulitangaza," dada alimkatiza, akiengua povu kwenye sufuria. "Mwenzangu alitaka kwenda hospitali jioni ileile. Mimi ndiye niliyesema tusubiri kuche. Ningejuaje? Hakuna aliyesema ni siku hiyohiyo."

Alisema hivyo bila kinyongo, hata hakumtazama. Kipaza alivuta kigoda, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wao, dada yake ndiye aliyeongea, yeye akasikiliza.