Duara Chini ya Kiti cha Nyuma

Nani alikuwa wa kwanza kusema ni sigara?

Niliwauliza watu swali hilo mpaka wakawa wakiniona kwa mbali wanabadilisha njia. Niliuliza kwenye foleni ya maji. Nilimuuliza fundi cherehani anayeshonea mbele ya kanisa, nikawauliza akina mama wa kwaya mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa amesikia kwa mwingine. Moto ulikuwa umeunguza sehemu ya nyuma ya minibasi ya kanisa letu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, dereva wa minibasi hiyo alikuwa baba yangu, na kabla chuma hakijapoa kambi nzima ilishajua kwamba dereva alisahau kipande cha sigara chini ya kiti. Baba aliacha sigara tungali kwetu Bukavu, mwaka aliofariki mama. Paketi ya mwisho niliitupa mimi mwenyewe, naye akaniangalia nikiitupa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba Area 49 mjini Lilongwe, nafundisha Kifaransa watoto wa watu wenye mageti. Jirani alinipigia simu, nikaacha somo katikati. Nilipofika kambini mambo yote yalikuwa yameshasemwa, na mimi siwezi kukipokea hivihivi kitu kilichokwisha kusemwa. Nataka kujua kilianzia wapi.

Nilichoweza kuunganisha ni hiki. Mama mmoja Mrundi wa kanisa letu alifiwa na mwanawe wa pekee, aliyekuwa akiuza dukani katika mji mdogo wa Nathenje. Akina mama walikwenda kukaa naye matanga hukohuko. Matanga yalipokwisha, baba akawarudisha na vitu vyao vyote: masufuria, mikeka, na mbabula, yale majiko ya mkaa ya bati tunayopikia. Walipofika Dzaleka watu walishuka kwenda kula kanisani na baadhi ya vitu vikabaki garini. Haukupita muda, moshi ukaanza kutoka madirishani. Vijana waliuzima moto kwa mchanga na ndoo za maji. Hakuna aliyeumia. Viti vya nyuma vilibaki mifupa ya chuma, na kwingine kote, kuanzia usukani hadi mlango wa mwisho, masizi.

Mzee wa kanisa, aliyekuwa msimamizi wa gari, alimwambia baba aweke ufunguo mezani hadi Jumapili, wazee waamue. Ufunguo ule ulikuwa mkate wetu, lakini haukuwa mkate tu. Kambini mwanamume asiye na kitu cha kufanya huzeeka haraka. Baba alikuwa akiamka, anavaa shati lenye kola, anapangusa vioo, na watu wanamwita chauffeur kama vile bado tuko mjini kwetu. Bila ufunguo angebaki mtu wa kungoja mgao kama wengine.

Kisha mzee akatangaza salongo ya kuosha gari. Kwetu salongo ni ile kazi ambayo wote mnatoka kuifanya bila malipo, na usipotoka unasemwa. Asubuhi akina mama walifika na mabeseni, sabuni ya unga na vitenge vimefungwa puani, wakiimba. Wa kwanza kufika alikuwa yule mama Mrundi, kichwa kimenyolewa kwa msiba.

"Musimwage mayi!" nilipiga kelele.

Wimbo ukakatika.

"Heh! Masomo yote ile," akasema kiongozi wa kwaya, mama mnene mwenye sauti ya kengele, "njo ilikufundisha kuosha gari bila mayi?"

Niliwaeleza kwamba masizi ya sponji na plastiki yana mafuta, ukiyalowesha yanageuka kuwa rangi ya kupaka. Hakunisikiliza. Alichovya kitambaa akakipitisha darini, na mstari mweusi ukabaki pale kama umepigwa kwa brashi. Aliutazama, akanitazama.

"Bon. Sema basi."

Tulianza bila maji. Tulikung'uta kwa brashi laini, kutoka juu kwenda chini, milango wazi. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba kuna sponji maalumu ya kunyonya masizi makavu, na nilijua kwamba Lilongwe nzima sitaipata, au nikiipata sitaimudu. Kwa hiyo niliomba bukari iliyolala, ule ugali mgumu wa jana, nikaifinyanga mabonge na kuwaonyesha jinsi ya kuyabandika darini na kuyabandua bila kusugua. Bonge lilitoka jeusi, dari likabaki kijivu.

"Mukuje muone! Gari iko inakula bukari!"

"Na mboga iko wapi?"

"Muipatie sombe, itapona!"

Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nami nilicheka, na kucheka kwenyewe kukaniudhi. Tulikuwa tunafuta kwa furaha kitu ambacho mtu alikuwa anahukumiwa nacho. Baba alikuwa nje, amepiga magoti juu ya zulia la gari, anasugua kimya, na wanawake waliokuwa wakimpita walimsalimia kwa upole mno, kama anavyosalimiwa mgonjwa. Kama waliamini ameunguza gari lao, upole ule ulikuwa wa nini? Na kama hawakuamini, kwa nini walinyamaza?

Yule mama Mrundi hakucheka. Alishika kioo kimoja cha dirisha na kukifuta kwa siki na maji, akakifuta tena, kikang'aa, akaendelea.

"Mama, pumzika kidogo," nilimwambia.

"Acha nifanye, mwanangu."

Nikafikiri ni msiba, mikono inatafuta kazi. Nikamwacha.

Nililiona duara nilipoingia chini ya mifupa ya kiti cha nyuma kukusanya majivu. Sakafu yote pale ilikuwa nyeusi tii, lakini katikati palikuwa na mviringo safi, rangi ya asili ya gari inaonekana, upana wake sawa kabisa na kitako cha mbabula. Hata mtoto angeelewa. Kitu kilikuwa kimesimama pale moshi ulipokuwa ukitanda, ndiyo maana masizi hayakushika chini yake. Na baada ya moto, mtu alikiondoa.

Nilitoka kwa hasira. "Mbabula ya nani ilikuwa hapa?"

Waliendelea kukung'uta.

"Mi nauliza. Nani aliitoa?"

Brashi zilisimama. Kwa akina mama wa kanisa letu, moto wa matanga hauzimwi kwa maji. Kuumwagia maji ni kama kumfukuza marehemu, hivyo wanaufunika kwa majivu na kuuacha ufe wenyewe. Nilishabishana nao sana juu ya hilo, kwamba majivu hayaui kaa, yanalitunza. Sasa niliwatupia usoni.

"Si njo desturi yenu? Munafunika moto na majivu, munasema imekufa, munaipakia kwa gari! Halafu papa njo anabeba!"

"We mtoto, funga kinywa," akasema kiongozi wa kwaya. Hakupaza sauti. "Hapa kuna bantu wametoka kuzika."

Nilimwita baba. Alikuja, akainama, akatazama chini ya kiti.

"Nimeona," akasema. Kisha akarudi kwenye zulia lake.

Nililifunika duara kwa beseni, nikawaambia mtu asiliguse, nikaenda kumtafuta mzee. Nilimkuta nyumbani kwake akinywa chai. Nilimweleza yote, nadhani nilimweleza kama anayefundisha, na yeye akanisikiliza bila kunikatiza hata mara moja. Alivaa viatu polepole. Njiani hakuuliza swali lolote, nami nikachukulia kwamba nimemshinda kwa hoja.

Tulipofika, beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani. Baba alikuwa chini ya kiti, mikono hadi viwiko imejaa sabuni na mchanga. Sakafu yote ilikuwa imesuguliwa ikawa rangi moja.

"Papa! Nilisema hapa basiguse!"

"Salongo ni ya kuosha, binti yangu. Nimeosha."

Mzee aliinama akaitazama sakafu, akamtazama baba. "Sioni kitu," akasema. Sikumsamehe maneno hayo. Ila nakumbuka kwamba hakucheka, wala hakunisuta. Aliondoka ameinamisha kichwa, kama mtu aliyelemewa na mzigo.

Jumapili baba alisimama mbele ya watu akaomba radhi kwa uzembe wake. Ndivyo alivyosema, uzembe. Ufunguo ukapewa kijana mmoja anayeendesha kama anafukuzwa. Gari lilikuwa safi, vioo vinang'aa, lakini harufu ilikuwa imeingia kwenye matundu ya hewa na ndani ya viti vilivyosalimika, na kila jua lilipowaka ilirudi. Nililipanda mara moja tu baada ya hapo. Nilishuka kabla ya mjini.

Baba alikodi baiskeli ya kabaza, akawa anapakia abiria kutoka barabarani kuingia kambini, na mvi zake, akisukuma kwa miguu palipoinuka. Shati la kola hakulivaa tena. Nilimwambia kwamba unyenyekevu wake ni uoga. Nilimwambia kwamba watu wale wamemtafuna naye akawapangusia midomo. Alinijibu, "Kula, chakula kinapoa." Tulikaa miezi tukizungumza habari za mvua tu. Sikumwamkia tena mzee wa kanisa, na kanisani sikurudi, jambo ambalo lingetokea hata hivyo.

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa nanunua maharage Chilinde, katikati ya zogo la soko, nikasikia, "Mwanangu." Alikuwa yule mama Mrundi, nywele zimeota nyeupe, anauza kwenye meza ya binamu yake. Alinivuta nikae kwenye gunia. Hatukuwa tumemaliza salamu alipoanza kusema.

Mbabula ilikuwa yake. Ndiyo iliyochemshia maji ya chai ya matanga ya mwanawe, aliifunika majivu kwa mkono wake, akaiweka chini ya kiti cha nyuma. Akina mama wote waliijua. Waliitoa garini moto ulipozimwa, wakaificha. Yeye alitaka kusema.

"Nilikuwa nyuma ya kanisa. Papa yako akanikuta. Akaniambia, 'Umezika mtoto juzi. Hii usibebe.'"

"Na we ukakubali?"

"Nilikubali. Nilikuwa nimechoka." Alipanga upya mafungu ya maharage yaliyokuwa yamepangika. "Unanikasirikia?"

Nilisema hapana. Haikuwa kweli. Nilimkasirikia yeye, na akina mama wote walioniacha nipige kelele peke yangu mbele ya gari, na baba kuliko wote, kwa sababu aliniacha nimwite mwoga ndani ya nyumba yake na akanipakulia chakula. Nani aliwapa haki ya kuamua kwamba ukweli ni mzito kwa mama huyu, halafu si mzito kwa mzee wa kabaza? Bado nauliza.

Lakini swali langu la kwanza lilijibiwa palepale, juu ya gunia. Jioni ileile ya moto, aliniambia, mimi nikiwa bado njiani kutoka Lilongwe, baba alikwenda kwa mzee akamweleza kila kitu, akamwomba lawama ikae kwake. Mzee alikataa, akaombwa tena hadi akalegea. Alimuuliza, je, watu wataambiwa nini? Baba akafikiri kidogo, akasema, "Waambie ni sigara."