Nani anamnyamazisha roboti wangu?

Jamani, kuna mtu anamnyamazisha roboti wangu.

Niliandika filamu ya klabu yetu ya shule. Roboti wa kupulizia dawa mikorosho ya kijiji cha Tingi anagoma, kisha anawahutubia wakulima kuhusu dawa inayowakohoza.

Nikampa mwenyekiti wetu, Mwanahawa, aipitie. Rasimu ya pili ikarudi roboti ana sentensi mbili tu.

Leo imekuja ya tatu. Roboti anatikisa kichwa, basi!

Hotuba yote sasa anaitoa binti wa mkulima. Na binti wa mkulima anaigizwa na nani? Mwanahawa.

Mimi si mtu wa kugombana, mnanijua. Lakini nilimfuata.

"Mbona roboti haongei tena?"

Akacheka. "Shoga, si tumekubaliana roboti ni wewe? Ukisimama kusoma darasani tu unatetemeka. Nimekuhurumia."

Nikatikisa kichwa. Kama roboti!

Nimefika nyumbani ndipo nikajiuliza: huruma gani hii inayomwachia yeye hotuba nzima?

Niambieni ukweli, nimehurumiwa au nimeibiwa?

Kesho tunarekodi. Na ile hotuba ninaijua yote kwa moyo.