Bangili Nne za Mama Nahimana

Protasi wa Rulenge hutengeneza kalamu za wino kwa shaba. Hupanga mabamba ya shaba nyekundu na ya njano kwa zamu hadi yafike manane, huyabana kwa vyuma, huyachoma kwenye makaa mpaka yashikane yawe kitu kimoja. Kisha hugonga, huchimba vishimo, hugonga tena. Tupa ikipita juu, matabaka ya chini hujitokeza kama pete za mti uliokatwa. Mwishowe hutoboa tundu la wino kwa keekee na kutia nibu ya dukani. Kalamu moja humla wiki mbili.

Shaba yake ya akiba, nyaya na koki mbovu, aliiweka kwenye kapu chini ya kitanda cha mama yake, Nahimana. Mama alipofariki, vitu vyake havikuguswa. Kwao mali ya marehemu hukaa palepale mpaka siku ya kuanua matanga, shangazi aje agawe. Protasi alichukua kapu lake tu.

Siku hiyo ilipofika, shangazi Zita alitafuta bangili nne za shaba ambazo Nahimana alikuja nazo akiwa bibi harusi. Zilikuwa za Tecla sasa, binti wa kwanza. Hazikuwapo. Na aliyemuuguza marehemu, akalala naye chumba kimoja hadi mwisho, ni Nice, mke wa Protasi. Neno wizi halikutamkwa. Shangazi aliomba tu, kwa upole, sanduku la mkaza mwana liletwe uani, akaanza kutoa nguo moja moja mbele ya ukoo mzima.

Protasi alikuwa mlangoni, kalamu mpya mfukoni, aliyokuwa akiwaonyesha wajomba. Alitaka kumtetea mkewe. Ndipo akakumbuka kitambaa kilichokuwa ndani ya kapu, na ndani yake nyaya nne nene zilizopindwa, nyeusi kwa moshi. Alizinyoosha bila kuzitazama, akazigonga ziwe mabamba ya kalamu hii. Motoni zilinuka samli, na mama yake alizipaka samli bangili zake kila Jumapili kabla ya misa. Kumbe siku zake za mwisho alizificha huko, kwa kuwa aliliamini kapu la mwanawe.

Akaishika kalamu mfukoni, asiitoe. Sanduku lilikuwa limekwisha kugeuzwa chini juu alipoitoa na kusema, "Shangazi, acha. Ziko hapa."

"Nakuuliza bangili, unanipa kalamu?"

Akaeleza, akigugumia.

"Basi zitoe humo," shangazi alisema.

"Hazitoki, shangazi. Zimeshikana na shaba nyingine. Hata mimi siwezi kujua ipi ni ya mama."

Zita aliipokea kalamu, akaipapasa kama mtu anayetafuta uso gizani, akampa Tecla. Tecla aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kifundo cha mkono, pale bangili ingekaa, ikateleza. Akaikamata kabla haijaanguka.

Nice alikuwa amepiga magoti, anaokota nguo zake nyasini. Protasi aliinama kumsaidia. Nice akaivuta kanga kutoka mkononi mwa mumewe, bila kumtazama.

"Ulisimama pale mpaka wakafika chini," alisema.

Shangazi Zita, magoti yakilia, akajishusha chini kando ya Nice, akakung'uta gauni, akalikunja. Yeye, Nice hakumzuia.