Kuku Ndani ya Gazeti

Naona bora niseme mwenyewe, maana kijiweni kwetu Mchafukoge wameshajua. Mimi ni fundi viatu na navaa miwani. Kwa sababu ya hiyo miwani, wazee wanaokunywa kahawa pale walikuwa wananipa gazeti kila asubuhi niwasomee. Kusoma sijui. Nilikuwa nasikiliza redio alfajiri wanapopitia magazeti, kisha nakuja kuwasimulia huku nimekodolea macho karatasi.

Mwezi uliopita roho ikaanza kunisuta, nikaenda Kariakoo kununua kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza.

“Cha mtoto?” muuzaji akauliza.

“Cha mtoto.”

Nikawa nakificha katikati ya gazeti, najifunza kimya kimya, jasho linanitoka, kila anayepita nageuka kumtazama.

Juzi umeme ukakatika, redio ikawa bubu. Nikafika kijiweni sina hata habari moja. Mzee Abdallah akanitazama. “Haya mwanangu, leo bungeni wamesemaje?”

Nikafunua gazeti, macho yakatua kwenye kitabu changu, na huu mdomo usio na akili ukasoma kitu pekee ulichokiweza:

“Ku-ku wa ba-ba a-na vi-fa-ra-nga.”

Vikombe vikasimama hewani. Mzee akanyoosha mkono, akachomoa kitabu, akakipekua taratibu.

“Pole, mwanangu,” akasema. “Mjukuu wangu hapa kwenye kuku kashapita. Yuko kwenye mbuzi.”